Talaka na nyumba: namna ya kuithaminisha kabla hamjagawana

Mimi ni mthamini wa nyumba hapa Mbeya. Wakija kwangu wawili wanaoachana, mmoja anasema nyumba ya mtaa wa Isyesye ni milioni 120, mwenzie anasema haifiki 60, na karibu kila mara anayeshusha ndiye anataka kubaki ndani. Kwa hiyo usibishane naye, fuata hivi.

1. Tafuteni mthamini mmoja mliyekubaliana wote. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, sheria yake ni ya 2016. Dalali wa Mwanjelwa anajua bei za mtaani vizuri tu, lakini karatasi yake mahakamani wakili wa upande wa pili anaichanachana. Mkishindwa kukubaliana kila mtu alete wake, mjue tu mtalipa mara mbili.

2. Kusanya karatasi. Hati, au kama ni ofa (barua ya kupewa kiwanja kabla hati haijatoka) basi ofa, au ule mkataba wa kuuziana uliogongwa muhuri serikali ya mtaa, risiti za kodi ya ardhi, kibali cha ujenzi, na barua ya benki inayoonyesha deni lililobaki. Hati ikiwa na jina la mume peke yake usikate tamaa dada yangu, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaangalia mchango wa kila mmoja kwa pesa, mali au kazi, na kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ndiyo iliyosema kazi za nyumbani nazo ni mchango.

3. Siku ya ukaguzi muwepo wote au mtume ndugu. Hapa ndo pana kazi, mimi napima vyumba, naangalia paa, nyufa (kwenye miteremko ya Mbeya ukuta wa kuzuia udongo ni hela nyingi jamani, na watu wanausahau), maji, umeme, gari inafika mlangoni au inaishia barabarani masika. Halafu natafuta nyumba za jirani zilizouzwa kweli siyo zilizotangazwa, kwa sababu bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Pagala la uani nalo linahesabiwa, usiseme eti halijaisha. Na kama kiwanja alikuwa nacho mmoja kabla ya ndoa ila mmejenga wote, mwambie mthamini atenganishe thamani ya ardhi na ya jengo, itawasaidia sana mbele.

4. Ripoti ikitoka soma mambo matatu: tarehe ya uthamini, madhumuni (iandikwe ni mgawanyo wa mali ya ndoa), na ni thamani ipi. Ripoti za benki huwa na thamani ya soko na ile ya kuuza haraka ambayo iko chini, kuna wajanja wanapeleka hiyo ya pili. Nyie mnatumia ya soko.

5. Hesabu. Tuseme soko 80m, deni 20m, mnagawana 60m. Mahakama ikikupa asilimia 40 basi ni 24m, anayebaki na nyumba anakulipa hizo na deni anabeba yeye. Asilimia mimi sipangi, usinipigie simu usiku kuniuliza, hiyo ni ya hakimu.

Kesi ikivuta mwaka na zaidi, ombeni ripoti ihuishwe kabla ya kulipana, na ada yake mchangie nusu kwa nusu.