Nguo za mtoto zilizobaki na lebo: zikague kabla hazijambana

Kagua kabati mtoto akiwa na wiki mbili au tatu, usingoje siku ya kuhama nyumba. Mtoto mchanga huongezeka gramu 25 hadi 30 hivi kwa siku katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo nguo ndogo kabisa huacha kumtosha upesi. Miezi iliyoandikwa kwenye lebo usiiamini sana, kila kiwanda kina hesabu yake. Tazama sentimita: 56, 62, 68, 74. Hiyo ni urefu wa mtoto kutoka utosini hadi kisiginoni. Mpime akiwa amelala, kisha panga nguo kwa namba, zinazokaribia kumbana zikae juu.

Yenye lebo usiifue wala usiikate lebo mpaka uwe na uhakika ataivaa. Lebo ikishatoka, duka halibadilishi tena, na mnunuzi ataihesabu kama mtumba hata kama haijagusa mwili. Maduka mengi hayarudishi pesa ila hukubali kubadilisha ukiwahi. Ukibadilisha, chukua saizi mbili mbele: 74 badala ya 62. Kama ni zawadi, ipeleke dukani na lebo yake uombe ubadilishiwe. Kumdai shangazi risiti ya zawadi aliyoleta ni kutafuta ugomvi.

Kisha jiulize kwa nini haivaliwi. Sweta nzito kwa mtoto wa Dar es Salaam au Tanga ni joto tupu, lakini Njombe, Mbeya au Lushoto mwezi Juni na Julai inatakiwa, basi mtafutie ndugu wa huko. Shingo ikiwa nyembamba na mtoto analia kila ikipita kichwani, fundi aipasue begani, akunje kingo na kuweka vifungo viwili vya kubonyeza. Kazi ndogo, na nguo inaanza kuvaliwa.

Bodisuti, ile fulana inayofungwa katikati ya miguu, humkataa mtoto kwa urefu, si kwa upana. Ikate juu kidogo ya vile vifungo vya katikati ya miguu, kunja pindo la sentimita 1, itakuwa fulana ya miezi kadhaa zaidi. Ovaroli yenye soksi ndani ikate kwenye kifundo cha mguu. Mwambie fundi ashone kwa zigizagi na sindano ya ncha butu. Mshono wa kawaida hukatika kitambaa kikivutwa, na sindano kali hutoboa nyuzi, tundu likaendelea kukua kila ukifua.

Za kumsubiria mdogo wake ndizo huharibika zaidi. Toa pini, karatasi ngumu na nailoni ya dukani: pini huacha kutu, nailoni hufungia unyevu na ukungu ukaota. Iliyovaliwa hata mara moja ifue kwanza, kwani maziwa yasiyoonekana leo yatakuwa doa la njano baadaye. Anika juani hadi pindo na mifuko vikauke kabisa, halafu piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, hasa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Weka kwenye foronya ya pamba, andika saizi kwa nje, na upunge hewa kila baada ya miezi miwili au mitatu ukikaa pwani. Mpira wa kiunoni hulegea hata nguo isipovaliwa. Huo utabadilisha tu.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, usiweke kabisa. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yetu ya malaria, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu, akapata manjano kali na kupungukiwa damu. Nguo uliyopewa ikinuka naftalini, fua na upunge hewa hadi harufu iishe, ikigoma, iache.

Ukitaka kutoa, kwanza muulize muuguzi wa wodi ya watoto njiti wanahitaji nini. Mara nyingi ni kofia, soksi na vishati vinavyofunguka mbele, maana mtoto anayelelewa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, havalishwi ovaroli. Kata kamba zote za shingoni na vuta kila kifungo kwa nguvu, kinacholegea kitoe. Funga kwa saizi, saizi moja mfuko mmoja.