Nusu saa kwenye mifereji ya Brugge: namna ya kuipanda boti na nini cha kutazama

Ndugu na marafiki wanaokuja kunitembelea hapa Gent huwa na ombi moja: twende Brugge tukapande boti. Nawapeleka kwa furaha, maana katika Ubelgiji nzima sijaona matembezi ninayoyapenda kuliko hayo. Ila nusu saa ni muda mfupi sana, na watu wengi hushuka na picha tele kwenye simu bila kujua mji ule ulikuwa unafanya kazi gani. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaeleza wageni wangu tukiwa bado kwenye treni.

Kwanza shika hili: Brugge ilikuwa bandari. Leo bahari iko mbali kidogo na huwezi kuinusa, lakini mwaka 1134 tufani kubwa iliivunja pwani na kufungua mkono wa bahari ulioitwa Zwin. Watu wa Brugge wakachimba, wakauunganisha mto wao mdogo, Reie, na mkono huo, na mji ukapata njia ya maji hadi katikati ya soko. Mwaka 1277 zikafika meli za wafanyabiashara wa Genoa kwa njia ya bahari. Sufu ya kondoo kutoka Uingereza, vitambaa, mvinyo, viungo, vyote vilipita hapo. Kisha Zwin ikaanza kujaa mchanga. Meli kubwa zikawa zinaishia Damme, baadaye Sluis, na mizigo inahamishiwa kwenye vyombo vidogo ndipo ifike mjini.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na baba yangu alifanya kazi kwenye matishari, kwa hiyo habari hii naielewa bila kufafanuliwa. Meli inatia nanga nje kwa sababu gatini hakuna kina, mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa hadi gatini, na kila hatua inakula muda na fedha. Tanga wamechimba miaka hii ya karibuni, kina gatini kimetoka mita 3 hadi 13. Brugge mchanga uliwashinda. Wafanyabiashara wakahamia Antwerpen, mji ukakaa katika umaskini kwa karne kadhaa, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, nyumba za kale zikabaki zimesimama. Tangu mwaka 2000 kitovu chote cha mji kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe.

Treni kutoka Brussels inachukua kama saa moja, na kutoka Gent haifiki nusu saa. Ukishuka stesheni, kama miguu yako ni mizima, acha basi. Tembea dakika 20 hivi kupitia bwawa la Minnewater na Begijnhof, ua wa nyumba nyeupe ulioanzishwa mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake walioishi maisha ya ibada pamoja bila kuwa watawa. Sababu ya kutembea kwanza ni moja tu: boti itapita mahali hapo hapo, na nahodha atakutajia kila jengo kwa sekunde chache kisha anaendelea. Aliyekwisha kulizunguka jengo kwa miguu atalitambua na kufurahi. Ambaye hakulizunguka atabaki anageuza shingo huku na huku.

Magati ya boti ni matano, na yote yamekaribiana katikati ya mji, pande za Dijver, Rozenhoedkaai na Huidenvettersplein. Wageni hupoteza muda wakiulizana gati lipi ni zuri. Njia ni ile ile, muda ni ule ule wa nusu saa, na bei ni ile ile, imeandikwa kwenye ubao. Watoto wanalipa pungufu. Wewe tafuta foleni fupi. Mara nyingi gati lililo hatua chache tu nyuma ya kona lina watu nusu ya wale waliojazana Rozenhoedkaai, kwa sababu huko ndiko kila mtu anakoanzia baada ya kupiga picha. Mtu mmoja mmoja au familia haina haja ya kuweka nafasi mapema: unafika, unapanga foleni, unalipa, unapanda. Beba kadi na fedha taslimu vyote viwili.

Kuanzia Machi hadi katikati ya Novemba boti zinatembea kila siku, saa nne asubuhi hadi kama saa kumi na mbili jioni. Chagua saa yako vizuri. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana mji unafurika: mabasi ya watalii kutoka Brussels, na abiria wa meli kubwa za starehe zinazotia nanga Zeebrugge, bandari ya pwani. Mimi napenda boti ya mwanzo kabisa, saa nne, maji yakiwa bado hayajakorogwa na kuta zinaonekana zimegeuka juu chini ndani yake. Kwa anayetaka picha, jioni pia ni nzuri, jua likiwa upande na matofali yamekuwa mekundu. Mchana wa Jumamosi ya Agosti usiende kama una mbadala.

Boti hizi hazina paa. Hata mwezi wa Julai, ukiingia chini ya daraja kwenye kivuli utasikia baridi ya maji inapanda miguuni, basi vaa sweta. Mimi hubeba kanga mbili: moja ya kutandika, maana mvua ikiwa imepita benchi linabaki na unyevu, na nyingine ya kufunika magoti ya mzee. Mvua ikinyesha boti huendelea kutembea na mara nyingi utapewa mwavuli. Ukikaribia daraja ukunje mapema, kwa sababu madaraja mengine ni ya chini hata mtu aliyeketi analazimika kuinamisha kichwa. Nahodha atatangaza, lakini akitangaza kwa lugha usiyoielewa, fuata wenzako wanachofanya. Mikono iwe ndani wakati wote. Boti hupita karibu kabisa na mawe ya daraja. Choo hakuna, kwa hiyo maliza haja yako mkahawani kwanza, hasa ukiwa na watoto.

Kuhusu kupanda na wazee nitasema kidogo zaidi, maana nimeona watu wakiwaacha mama zao benchini juu kwa hofu. Shangazi yangu ana magoti mabovu na alipanda vizuri. Mwambie anayepokea abiria kabla foleni haijaanza kusogea. Wanajua kazi yao: wanaivuta boti karibu na ukingo na kuishika, kisha wanatoa mkono. Mzee akanyage katikati ya boti, siyo pembeni, akae kwanza, ndipo wengine waingie.

"Shangazi, usiharakishe, mpe mkono huyu kijana kwanza."

"Wewe mwanangu, mimi nimekulia Pangani. Niache nipande."

Akakaa, akajitandia kanga, akaniuliza mbona boti yenyewe ni pana hivi na maji yametulia hivi, mimi nilikuwa naogopa nini.

Ukiwa ndani, kaa karibu na nahodha kama unataka kusikia. Ndiye huyo huyo mwongozaji: anaendesha, anazungumza kwenye kipaza sauti, na mara nyingi kabla ya kuondoka anawatazama abiria na kuuliza lugha zao. Kisha anasema jambo lile lile kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza, wakati mwingine Kijerumani au Kihispania, haraka haraka, na lugha yako ikifika jengo limekwisha kupita nyuma ya kichwa chako. Ndugu zangu wa Lubumbashi hutega sikio kwenye Kifaransa na wa Tanzania kwenye Kiingereza, na Kiswahili hatukipati. Ndiyo maana nawasimulia kabla. Usijaribu kumtafsiria mtu huku nahodha anaongea. Mtakosa wote wawili.

Haya ndiyo ya kutazama.

Ukipita Dijver, tazama mbele juu: mnara wa kanisa la Onze-Lieve-Vrouwe, wa matofali, zaidi ya mita 115. Ndani ya kanisa hilo kuna sanamu ya marumaru ya Mariamu na mtoto, kazi ya Michelangelo, iliyonunuliwa na wafanyabiashara wa Brugge. Fikiria uwezo wa mji huo hapo zamani. Karibu yake kuna daraja dogo la mawe, Bonifaciusbrug, ambalo kila mtu hulipiga picha akidhani ni la enzi za kati. Lilijengwa mwaka 1910. Ni zuri hata hivyo, lakini usilipatie umri lisiokuwa nao.

Baada ya hapo unafika mahali ninapopapenda kuliko pote. Ni ukuta wa Sint-Janshospitaal, hospitali iliyoanza karne ya 12. Ukuta unatoka majini moja kwa moja, hakuna njia ya miguu, hakuna ukingo, na kutoka barabarani hutauona hivyo kamwe. Usiinue simu hapa. Angalia matofali ya chini: yamekuwa meusi na kijani kwa ukungu, halafu kadiri macho yanavyopanda yanageuka kahawia, kisha mekundu. Angalia jinsi yalivyozibwa hapa na pale kwa matofali ya rangi nyingine, pale palipokuwa na tundu au dirisha. Ukizoea kutazama hivyo, utaanza kuona kwenye nyumba nyingine milango midogo iliyo sawasawa na maji, na vipandio viwili vitatu vya ngazi vinavyozama majini. Hiyo haikuwa milango ya uani. Mzigo uliingilia hapo.

Karibu na Begijnhof boti inageuza. Hapo kuna bata maji weupe wenye shingo ndefu, na nahodha hawezi kuwapita bila hadithi yao. Mwaka 1488 watu wa Brugge walimfunga Maximilian wa Austria, aliyekuwa akiwatawala, kwenye nyumba moja pale Markt, uwanja mkuu wa mji, na wakamkata kichwa mshauri wake, Pieter Lanchals. Masimulizi yanasema Maximilian alipopata nguvu tena aliuadhibu mji uwafuge ndege hao milele. Kufungwa kwake na kifo cha Lanchals ni historia. Habari ya ndege ni masimulizi. Watoto huipenda sana.

Mnaporudi, mtapita soko la samaki, Vismarkt, lenye nguzo za mwaka 1821, kisha Groenerei, ambako miti inainamia maji na madaraja ya mawe yanafuatana. Hapo ndipo vichwa vinainama. Upande wa kaskazini boti inafika Spiegelrei na kugeuka mbele ya uwanja wenye sanamu ya mchoraji Jan van Eyck. Abiria wengi kufikia hapo wamekwisha kuchoka na hawatazami. Wewe tazama: huu ndio uliokuwa mlango wa bandari ndani ya mji. Jengo la ushuru, Tolhuis, liko hapo hapo, na vyombo vilipita mbele yake.

Ukishuka, mpe nahodha sarafu kama ameeleza vizuri, ndiyo desturi. Kisha usiende moja kwa moja kwenye chokoleti. Tembea dakika tano hadi kwenye uwanja huo wa Jan van Eyck na usimame mbele ya Tolhuis. Ubavuni mwake kuna kinyumba chembamba sana cha mawe. Ilikuwa nyumba ya chama cha wachukuzi wa bandari. Sogea karibu uinue macho: kwenye uso wake vimechongwa vijisanamu vya watu waliopinda mgongo kwa mizigo. Mabwana wa mji walichongewa sanamu kubwa kubwa. Hawa ni wadogo mno, lakini wapo, na nyumba yao imepakana na ukuta wa ofisi ya ushuru. Nilipomwonyesha Shangazi alisema tu, "Mahamali." Kisha akataka kujua walivyopakua mzigo mzito. Nikamwonyesha upande wa Kraanplein, karibu na hapo, palipokuwa na winchi ya mbao ya mji: watu walitembea ndani ya magurudumu makubwa, na kwa uzito wa miili yao mapipa ya mvinyo yakainuka kutoka vyomboni.

Ukifika Markt, simama ukiupa mgongo mnara wa Belfort, utazame upande wa mashariki wa uwanja, lilipo jengo kubwa la Provinciaal Hof. Mahali hapo palikuwa na Waterhalle, ghala kubwa lenye paa ambalo vyombo viliingia chini yake na kupakuliwa bila mvua kugusa mzigo. Lilibomolewa mwaka 1787 na mfereji wake ukafunikwa. Unakanyaga juu yake.

Anayebaki na mchana mzima na akaona boti ni fupi, akodi baiskeli aende Damme. Ni kilomita 6 au 7, njia tambarare kabisa kando ya mfereji wenye miti mirefu pande zote mbili, hata asiyezoea baiskeli anafika. Ni huko meli kubwa zilikokuwa zikisimama, na sasa ni kijiji chenye kanisa kubwa kuliko wakazi wake, katikati ya mashamba. Beba maji ya kunywa na uulize mapema saa ya mwisho ya kurudisha baiskeli, kwa sababu upepo wa kurudi mara nyingi uko usoni na safari huchukua muda zaidi kuliko kwenda.