"Leave" ya Uingereza si kuondoka

Shuleni tulifundishwa kwamba "leave" ni kuondoka au kuacha. Kwenye karatasi za uhamiaji za Uingereza ni ruhusa: "leave to enter" ni ruhusa ya kuingia, "leave to remain" ni ruhusa ya kubaki. Kazini, "annual leave" ni likizo ya mwaka. Hayo utayazoea upesi.

Balaa ni pale tarehe ya "leave" yako inapopita huku ombi la kuongeza muda halijajibiwa. Mwajiri wangu aliona tarehe tu, akanisimamisha bila mshahara. Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971 kiko wazi: ukiomba kabla ruhusa haijaisha, inaendelea kwa masharti yale yale mpaka ujibiwe. Narudia, kabla haijaisha. Ukichelewa hata siku moja, 3C haikuhusu. Tunza uthibitisho wa tarehe uliyotuma ombi. Mwajiri akisitasita, aulize huduma ya uhakiki ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Akithibitishiwa kuwa unaruhusiwa kufanya kazi, jibu hilo linamkinga kwa miezi 6. Ofisa utumishi wetu nilimsomea kifungu chenyewe, akanitazama kana kwamba nimekitunga usiku.

Sasa sikilizeni: ukiwa chini ya 3C, usisafiri. Ukitoka Uingereza kwenda nyumbani kabla ya jibu, ombi linahesabiwa umeliondoa na ruhusa inakatika. Ndugu zetu, upendo wenu tunaujua, lakini hiyo "njoo harusini mara moja tu, tiketi tumeshachanga" inaweza kumgharimu mtu maisha aliyoyajenga huku. Nyumbani unaacha faili ofisini, unakwenda zako, ukirudi unalifuatilia. Huku linafungwa ukiwa angani. Usisafiri, hata wakikuita mwenye roho ngumu.

Waingereza nao wana upole wao wa ajabu wa maneno. Mahakama za madai za England na Wales ziliacha "leave" mwaka 1999 zikaandika "permission", ili watu waelewe. Kwenye uhamiaji, wanakosoma wageni, kanuni kadhaa mpya tu ndizo zimebadilika. Sheria ya 1971 bado inasema "leave".

Na "indefinite leave", ile isiyo na kikomo? Kwa walio wengi, ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo, imekwenda.