Jinsi ya kuchukua swabu ya pua na damu kwa utafiti wa RSV

Kama ndo umeanza kazi ya fildi kwenye utafiti wa RSV, kirusi cha njia ya hewa kinachosumbua sana watoto wachanga, na kesho unaingia kijijini na kulboksi (lile boksi la barafu la kubebea sampuli) begani, soma hii kwanza. Wengi hufundishwa namna ya kuingiza swabu tu, yaani kile kijiti cha kuchukulia kamasi ndani ya pua, lakini kinachoharibu data sanasana ni tarehe na lebo.

Ukifika usianze kutoa vifaa. Piga hodi, salimia, kaa ukikaribishwa, afu mweleze mama ukweli wote: mtoto atalia, macho yatatoa machozi, ni sekunde chache, na akikataa leo ama kesho mtoto atatibiwa kama kawaida. Akisharidhia muulize dalili zilianza siku gani, na usikubali "juzijuzi", mkumbushe kwa soko, Ijumaa, siku ya shule, mpaka upate siku yenyewe uiandike. Muulize pia kama alichanjwa RSV akiwa mjamzito, maana chanjo ya wajawazito ipo tangu 2023 na inabadilisha kabisa utakachokiona kwenye damu ya mtoto.

Haya, swabu. Tumia zile za kijiti cha plastiki zenye kichwa cha nyuzi laini, sio kijiti cha mti, kile kinaweza kuvuruga PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Mtoto apakatwe, mama amkumbatie mikono na msaidizi ashike kichwa taratibu kikiwa kimelala nyuma kidogo. Angalia umbali toka tundu la pua mpaka tundu la sikio, huo ndo urefu wa kwenda. Afu ingiza swabu ikilala sambamba na kaakaa, yaani inaelekea nyuma kama unafuata sikio, USIIELEKEZE JUU kwenye macho, wapya wengi hukosea hapo na damu inatoka. Ukihisi imegoma usilazimishe, toa ujaribu tundu lingine. Ikifika zungusha polepole, iache sekunde kadhaa inyonye, toa huku unazungusha. Itumbukize kwenye kichupa chenye kile kimaji cha pinki cha kuhifadhia virusi, vunja kijiti kwenye alama, funga kifuniko mpaka kikaze.

Lebo uiandike palepale mbele ya mama, sio ukirudi kwenye gari. Mimi niliwahi kutumia kalamu ya kawaida, barafu ikayeyuka, kufika maabara namba zote zimekuwa wino wa bluu unaoelea, sampuli za siku nzima na vilio vya watoto wote wale vikaenda bure. Iliniuma sana. Tumia maka isiyofutika au lebo zilizochapwa.

Kulboksi ikae nyuzi 2 mpaka 8. Ikifika maabara ndani ya saa 72 sawa, zaidi ya hapo inatakiwa kuganda kwenye friza ya chini ya nyuzi 70 hasi, na usiweke kwenye friza ya nyumbani eti kwa muda, kuganda na kuyeyuka kunaua virusi.

Sasa damu, na hapa ndo kuna utamu wa kazi. Swabu inakwambia kirusi yupo, damu inakwambia mwili umejibu nini. Damu ya mara moja haitoshi, inatakiwa ya kwanza wiki ile ya dalili na ya pili wiki 2 mpaka 4 baadaye, zipimwe pamoja siku moja, na kingamwili (askari wa mwili wanaopambana na kirusi) zikipanda mara 4 au zaidi ndo tunasema mwili umepambana. Kwa kichanga kuwa makini zaidi, kwa sababu anazaliwa na kingamwili za mama zinazopungua kila mwezi, kwa hiyo anaweza kuwa ameugua kweli na bado namba zake zisipande, na bila tarehe ya kuzaliwa na ya dalili hakuna atakayeielewa hiyo seramu, yaani yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda.

Tumia chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, isimamishe nusu saa mpaka saa moja, usiitikise, chembe nyekundu zikipasuka seramu inakuwa nyekundu na haifai. Maabara wakidai seramu ya kutosha wape, maana wanapima wingi wa kingamwili na pia kama zinaweza kumzuia kirusi. Miaka ya 1960 huko Marekani chanjo ya kwanza ya RSV ilitengeneza kingamwili zinazomshika kirusi bila kumzuia vizuri, watoto waliochanjwa wakaugua vibaya zaidi na wawili wakafariki.

Usiruke pia wasio na dalili kama protokoli, yaani mwongozo wa utafiti wenu, inawataka. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye utafiti wa RSV wa kaya 47 kati ya Desemba 2009 na Juni 2010, watu walichukuliwa swabu mara mbili kwa wiki waugue wasiugue, zikafika zaidi ya 16,000, na ndo ikajulikana kwamba kichanga mara nyingi huambukizwa na kaka au dada anayesoma shule. Wangepima wenye kikohozi peke yao, wengi walioambukizwa wangewapita.

Siku ya damu ya pili mpigie mama jana yake jioni. Ukifika umkose, usimwachie jirani ujumbe kuhusu sampuli, sema tu umekuja kumsalimia utarudi kesho, na kesho urudi kweli kabla zile wiki 4 hazijapita.