Kadi Kwanza: Jinsi ya Kumpa Vitamini Mtoto Anayeumwa au Anayekwenda Chanjo

Kila mwezi Juni na Desemba foleni ya zahanati yetu hutoka nje ya geti ikafika chini ya mwembe. Ni Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, na kina mama wamekuja kwa ajili ya matone ya vitamini A. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto mkoani Dodoma, na matone hayo nimeyakamulia vinywani mwa watoto kwa miaka 17. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nesi, mtoto anaumwa, nimnunulie vitamini gani?" Huwa sijibu kabla sijaomba kadi. Nitakuelekeza kwa mpangilio uleule ninaoutumia mezani kwangu.

Kabla ya hatua yoyote, mtazame mtoto. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, acha kusoma. Beba mtoto uende kituo cha afya sasa hivi. Hakuna vitamini inayoweza kusubiriwa katika hali hiyo.

Hatua ya 1: Fungua kadi, tafuta tarehe

Kwenye kadi ya kliniki kuna sehemu ya vitamini A. Soma tarehe ya mwisho. Mtoto huanza kupewa akifikisha miezi 6, na huendelea kila baada ya miezi sita hadi atimize miaka mitano. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge cha buluu chenye IU 100,000. Wa kuanzia mwaka mmoja hupewa chekundu chenye IU 200,000. IU ni kipimo cha nguvu ya vitamini, na ukiangalia tarakimu hizo utaelewa kwa nini mimi huita matone haya dawa, siyo kirutubisho cha kujinunulia. Mtoto hamezi kidonge kizima. Tunakata ncha kwa mkasi safi na kukamua mafuta yote kinywani, akiwa ametulia. Anayelia hazibwi pua, anabembelezwa kwanza.

Mwaka mmoja nililetewa mtoto wa miezi minane aliyetapika usiku kucha, utosi umevimba. Bibi yake alikuwa amempeleka kwenye huduma ya mkoba (wahudumu wanaowafuata watoto kijijini) wiki hiyohiyo, akapewa matone, na hakuna aliyeandika kwenye kadi. Siku tatu baadaye mama yake, asiyejua lolote, akamleta kliniki akapewa tena. Tulimchunguza vizuri, maana utosi uliovimba unaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo na haufai kupuuzwa. Alikaa nasi chini ya uangalizi, na siku mbili baadaye utosi ukarudi chini, akanyonya. Tangu hapo sikamui tone kabla sijauliza: nani mwingine alimshika mtoto mwezi huu? Dozi mbili za kinga hazipaswi kukaribiana kwa chini ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mhudumu akimaliza, usiondoke kabla hujaiona tarehe imeandikwa.

Na wewe mama, usijipake wala usilambe mabaki ya kidonge hicho. Kwa mjamzito, vitamini A ya kiwango kikubwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hatua ya 2: Siku ya chanjo

Wengi huniambia wamechelewesha chanjo wiki mbili ili "kwanza mtoto aongezwe nguvu kwa vitamini." Nawaelewa, mzazi hutaka mwanawe aingie vitani akiwa na silaha. Lakini silaha yenyewe ni chanjo. Mwili wa mtoto anayenyonya na kula vizuri hauhitaji sirapu yoyote ili uipokee, na hakuna vitamini inayoweza kufundisha mwili kuwatambua virusi wa surua. Wiki mbili ulizosubiri ni wiki mbili za mtoto kukaa wazi.

Chanjo ya surua-rubella hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kama tarehe ya matone imeangukia siku hiyo, apewe vyote kwa safari moja. Havigombani. Mafua madogo au kikohozi chepesi pia si sababu ya kurudi nyumbani bila chanjo. Mwambie muuguzi, yeye ataamua.

Usimpe parasetamo asubuhi kabla ya sindano eti kuzuia homa. Ngoja. Homa ikija na mtoto akasumbuka, mpe kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na asipate zaidi ya dozi nne kwa saa 24. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, uliza kwanza. Aspirini usimpe kabisa. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mvue nguo nzito, na sehemu ya sindano usiipake chochote.

Homa ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 kwa kawaida huja ndani ya siku moja au mbili. Ya surua-rubella huchelewa, inaweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12, pengine na vipele vichache. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea kwa kusema "ni chanjo tu." Huku kwetu kuna malaria. Homa ikizidi siku mbili, mtoto apimwe, hata kama sindano ni ya siku chache tu zilizopita.

Hatua ya 3: Surua imeingia nyumbani

Hapa ndipo vitamini A inapookoa maisha, na hapa ndipo napenda mzazi anisikilize vizuri.

Virusi vya surua hushambulia ngozi laini za ndani: macho, koo, mapafu, utumbo. Ngozi hizo hujengwa na kutunzwa kwa msaada wa vitamini A. Kwa hiyo wakati huohuo mwili unapoihitaji kuliko kawaida, ugonjwa unaila akiba iliyokuwa kwenye ini. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo anaweza kupofuka au kufa kwa nimonia, ingawa vipele vyenyewe vimeanza kukauka.

Jambo hili lilipimwa hapahapa Dodoma. Katika Hospitali ya Mvumi, watoto 180 wenye surua waligawanywa makundi mawili, wote wakatibiwa kama kawaida, na kundi moja likaongezewa vitamini A ya kiwango kikubwa. Katika watoto 88 walioongezewa walikufa 6. Katika 92 wasioongezewa walikufa 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Kundi lilikuwa dogo mno kumaliza ubishi, lakini mwaka 1990 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya watoto 189: waliokufa ni 2 kati ya 92 waliopewa, na 10 kati ya 97 wasiopewa. Tiba tunayoitoa leo imesimama juu ya kazi za aina hiyo.

Dozi ya mgonjwa wa surua ni mbili: moja siku ya kwanza, nyingine kesho yake. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa IU 50,000 kila siku, wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, na wa mwaka mmoja na zaidi 200,000. Tiba hii hutolewa kituoni. Kama alipata matone ya kinga karibuni, onyesha kadi, lakini usikae nyumbani kwa sababu hiyo, maana tiba ya surua ina hesabu yake. Macho yakiwa na dalili za upungufu, kama kutoona vizuri jioni, ukavu au ukungu kwenye mboni, kuna dozi ya tatu wiki kadhaa baadaye. Omba tarehe yake iandikwe kwenye kadi kabla hujatoka, kwa sababu hiyo ndiyo dozi inayosahaulika: mtoto amepona, anacheza, nani atakumbuka?

Macho yasafishwe kwa kitambaa safi na maji safi, na dawa ya kupaka itoke kwa mhudumu. Tafadhali, msimwekee mtoto majani yaliyotwangwa, maziwa ya mama wala maji ya dawa za kienyeji machoni. Bibi mmoja alinijibu, "Mjukuu wangu, sisi tulikua hivyo." Nikamwambia, "Kweli bibi, shikamoo yako naiheshimu, ila jicho la surua ni kidonda kibichi." Alinielewa, akamwaga kile kikombe mwenyewe. Na msimfungie mtoto njaa kwa kumnyima samaki, mayai au nyama mpaka vipele viishe. Anavihitaji leo.

Jambo la mwisho kuhusu surua: kupewa vitamini A hakumfanyi mtu asiambukizwe. Wadogo zake waliomo nyumbani wapelekwe kukaguliwa kadi zao siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Anaharisha

Zinki ni madini, siyo vitamini, lakini inauliziwa dirisha lilelile. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, yaani kidonge kimoja cha kawaida. Wa chini ya miezi 6 hupewa nusu yake. Weka kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama uliyokamua, kitayeyuka chenyewe. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Shida iko kwenye siku. Kuharisha kunakoma siku ya tatu, mzazi anakifungia kabatini kilichobaki "kwa mara nyingine." Malizia siku 10 zote, au 14 kama ndivyo ulivyoandikiwa. Siku za mwisho zinajenga utumbo na kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu ijayo.

Zinki haifanyi kazi ya ORS, ule unga wa pakiti unaochanganywa na maji kurudisha maji na chumvi mwilini. Maji yanayotoka lazima yarudi. Soma pakiti uone inahitaji maji kiasi gani, chemsha na upoze, changanya yote kwa mara moja, na yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Wa chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa kidogo 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimojakimoja.

Hatua ya 5: Chupa ya kuongeza damu, iache kwanza

Mtoto ana homa, amepauka, mzazi anapita duka la dawa kununua chupa nyekundu ya kuongeza damu. Nakuomba usinunue bila kipimo.

Kisiwani Pemba watoto wadogo walipewa madini ya chuma pamoja na foliki asidi kila siku katika utafiti mkubwa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kulazwa au kufa kuliko wasiopewa. Taarifa yake ilitoka mwaka 2006. Hii haina maana kwamba chuma ni sumu. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa kukosa chuma anakihitaji, na katika utafiti huohuo waliokuwa na upungufu wa kweli hawakuonekana kudhurika vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba penye malaria, apimwe malaria, atibiwe, apimwe damu, ndipo aandikiwe chuma. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye hapewi chuma siku za mwanzo za matibabu, na maziwa au karanga lishe anazopewa hospitalini tayari zimewekewa vitamini. Usiongeze kwa siri.

Hatua ya 6: Mafua na vitamini C

Hapa sina mengi. Kuanza vidonge vya vitamini C baada ya mafua kuingia hakujaonyesha faida ya kueleweka. Hela hiyo nunua mapera, machungwa au unga wa ubuyu. Mtoto aliyezidi miezi 6 atafurahi zaidi.

Hatua ya 7: Sufuria, wiki mbili baada ya kupona

Chini ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake, na ziada ni kunyonya mara nyingi. Juu ya hapo, mtoto aliyetoka kuugua aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Ini kidogo, yai, dagaa waliosagwa, viazi lishe vya rangi ya machungwa, papai, embe, matembele, mchicha. Vitamini A inahitaji mafuta ili iingie mwilini, hivyo mboga ya mtoto iwe na kijiko cha mafuta au karanga zilizotwangwa. Mlenda wetu wa Ugogo uliotiwa karanga ni chakula kizuri sana kwa kazi hii. Ila kina mama wenzangu, majani ya kukausha tuyaanike kivulini penye upepo. Jua kali la juu ya paa linachoma vitamini A iliyomo, na tunabaki na mboga ya kijani isiyo na kazi tuliyoikusudia.

Wiki mbili zikiisha mlete apimwe uzito na mzunguko wa mkono. Njoo na kadi, hata kama imelowa au imechanika. Tutakuandikia nyingine na kuhamisha kila tarehe inayosomeka.