Kuskani kitu kinachosogea kwa mwanga wa projekta: hatua kwa hatua

Projekta hurusha mistari juu ya kitu, kamera hupiga picha jinsi mistari hiyo inavyopinda, na kompyuta hukokotoa umbo la kitu la pande tatu. Adui wa kazi hii ni muda unaopita kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Karibu kila uamuzi ulio hapa chini unatokana na hilo.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Njia ninayoieleza hutumia michoro mitatu ya mistari kupata umbo moja. Projekta ikirusha michoro 120 kwa sekunde, mitatu huchukua milisekunde 25. Mkono unaopita kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde utakuwa umeshasogea milimita 12.5. Kwa michoro 1,000 kwa sekunde, utasogea milimita 1.5 tu.

Hatua ya 2: Vifaa. Tafuta projekta ya DLP (inayounda picha kwa vioo vidogo vingi) na kamera ya picha zisizo na rangi, inayonasa pikseli zote kwa mpigo mmoja. Kamera inayosoma safu moja baada ya nyingine itakipinda kitu chako. Unganisha waya wa ishara kutoka projekta hadi kamera, ili kila mchoro upate picha yake. Usiitegemee saa ya kompyuta.

Hapa pana jambo linalowasumbua wengi. Vioo vidogo vya DLP hujua kuwaka na kuzima tu, na rangi ya kijivu hupatikana kwa kugawa muda. Kwa hiyo kamera lazima ikusanye mwanga kwa muda wote wa mchoro mmoja. Ukiikatisha, kijivu kinakuwa cha uongo. Mimi napendelea kurusha mistari ya nyeusi na nyeupe tupu, kisha kuitoa lenzi ya projekta kidogo kwenye fokasi. Kingo zinalainika na kukaribia wimbi la sini, yaani wimbi laini linalopanda na kushuka taratibu, na michoro hiyo myepesi hurushwa kwa kasi kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Kalibresheni, yaani kupima kamera na projekta ili vipimo vya kitu viwe sahihi. Tumia ubao wa miraba na njia ya kukalibisha kamera aliyoichapisha Zhengyou Zhang mwaka 2000. Piga picha ubao ukiwa umeinama pande mbalimbali. Projekta nayo ichukulie kama kamera: rusha mistari ya wima na ya mlalo juu ya ubao, ili ujue kila kona ya mraba inaangukia pikseli ipi ya projekta. Ubao umetulia, kwa hiyo tumia michoro mingi upendavyo. Ukimaliza, usiguse lenzi wala kuhamisha kifaa.

Hatua ya 4: Rusha na kokotoa. Kila mchoro usogezwe theluthi moja ya wimbi. Awamu ya kila pikseli, yaani mahali ilipo ndani ya wimbi, ni hii (I₁, I₂ na I₃ ni mwangaza wa pikseli hiyo katika picha tatu):

φ = arctan[√3(I₁ − I₃) / (2I₂ − I₁ − I₃)]

Kwenye programu tumia atan2 (arctan inayozingatia alama za juu na chini ya sehemu), isije robo za duara zikachanganyika. Wastani wa picha zote tatu hukupa picha ya kawaida isiyo na mistari. Kila pikseli hujitegemea, kwa hiyo kazi hii iachie kadi ya michoro.

Hatua ya 5: Tambua mstari upi ni upi. Awamu hujirudia kila mstari, kwa hiyo peke yake haisemi pikseli iko kwenye mstari upi, na bila hilo kina hakipatikani. Msimbo wa Gray (michoro ya nyeusi na nyeupe inayoipa kila mstari namba yake) hutatua hilo, lakini mistari 32 inadai picha tano za ziada, na kwa kitu kinachokimbia hizo ni nyingi mno. Afadhali uweke mpaka wa kina, yaani wa umbali kutoka kamera: kitu kikibaki kati ya umbali wa karibu na wa mbali uliouchagua vizuri, kila pikseli huwa na jibu moja tu linalowezekana.

Hatua ya 6: Jaribu kwa ubao mweupe bapa. Kwanza ukiwa umetulia, kisha ukiusogeza kuelekea kamera. Ukiona viwimbi usoni mwake, vihesabu. Vitatu kwa kila mstari ni gama ya projekta, yaani mwangaza unaotoka haulingani na namba uliyotuma: pima mwangaza kuanzia 0 hadi 255, kisha usahihishe. Viwili kwa kila mstari, vinavyotokea ubao ukisogea tu, ni mwendo. Hapo ongeza kasi ya michoro. Kichujio cha kulainisha kitavificha viwimbi hivyo, lakini kitakula na kingo za kitu chenyewe.