Kuhamisha Mizinga ya Nyuki: Tengeneza Machela Kwanza

Mfugaji wa Bahati au Subukia, huko Nakuru, mwenye mizinga mitano au kumi akitaka kuihamisha, swali lake la kwanza huwa gari. Mimi humuuliza mzinga utafikaje garini. Hasara nyingi nilizoshuhudia zilitokea kwenye zile hatua hamsini kati ya manzuki, yaani mahali mizinga inapokaa, na barabara: giza, mteremko, na watu wawili wameng'ang'ania sanduku lisilo na pa kushika.

Sanduku moja kubwa la Langstroth, ule mzinga wa masanduku yanayopangwa moja juu ya jingine, likijaa asali hufika kilo 35 hadi 40. Vuna kwanza, uwaachie nyuki asali kiasi cha chakula. Epuka pia kuhamisha wakati wanajenga masega mapya, kwa maana nta changa nyeupe hukatika kwa mtikisiko mdogo, na sega likianguka laweza kumponda malkia.

Chombo ninachokisisitiza ni machela, na huhitaji fundi wa jua kali kukitengeneza. Tafuta miti miwili ya mkaratusi iliyokauka na kunyooka, ya mita 2 hivi. Mzinga wa Langstroth una upana wa sentimita 41 na urefu wa 51, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 45 kati ya miti, kisha pigilia chini yake mbao mbili za kukingama, zikiachana sentimita 35. Mzinga utaketi juu ya mbao hizo, na miti itauzuia kuteleza kando. Ule mzinga wa Kenya wa kuning'inizwa kwa waya ni rahisi zaidi. Ubavu wake umeinamia ndani kuelekea chini, hivyo hujikaza wenyewe katikati ya miti. Weka mbao kwenye ncha tu ili miti isipanuke. Mkiteremka, mrefu atangulie.

Wilbaro siipendekezi kabisa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilisukuma mzinga kwa wilbaro jioni moja, gurudumu likagonga jiwe na mfuniko ukafyatuka. Mbuzi wawili wa jirani walikuwa wamefungwa kwa kamba karibu na njia. Walikufa wote wawili. Nililipa, lakini kilio chao sijakisahau. Ndiyo maana nasema pia, mkokoteni wa punda usiguse kazi hii, ingawa Nakuru umejaa kila kona. Nyuki wetu ni wakali, na punda aliyefungwa kwenye mkokoteni hana njia ya kukimbia. Kabla ya kuanza, ondoa mifugo yote iliyofungwa karibu na njia yako. Mkokoteni wa kusukumwa kwa mikono, wenye magurudumu mawili ya pikipiki yaliyopunguzwa upepo kidogo, unafaa mahali tambarare kama Ahero.

Mzinga ufungwe uwe kitu kimoja. Mikanda ya kukazia mizigo ni bora, lakini mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu inatosha: miwili kuzunguka mzinga, ikishika sakafu, masanduku na mfuniko kwa pamoja. Mlangoni pigilia wavu wa waya wa dirishani, matundu yasizidi milimita 3, giza likishaingia na nyuki wote wakiwa ndani. Usizibe kwa matope wala gunia zito, maana kundi kubwa likikosa hewa hujichemsha na kufa. Fifisha kurunzi kwa karatasi ya plastiki nyekundu, kwani nyuki hawaoni rangi hiyo. Bomba la moshi liwe linawaka hadi mwisho wa safari, na kila mtu awe amevaa mavazi ya kinga, dereva pia.

Kwa safari, pikapu ndiyo yangu. Tuktuk inamweka dereva karibu mno na nyuki, na bodaboda ni hatari tupu. Panga mizinga ili masega yaelekee upande gari linakoelekea, yasiyumbe breki zikishikwa. Hiyo ina maana Langstroth, ambayo masega yake hufuata urefu wa mzinga, ilale kwa urefu wa gari, na mzinga wa Kenya, ambao masega yake hukingama, ukae kwa kukingama. Kwenye matuta, pole pole.

Umbali nao una sharti lake. Ukiwapeleka chini ya kilomita 3, wengi watarudi pale pa zamani. Kushuka kutoka Bahati hadi Solai kufuata maua ya migunga hakuna shida, lakini kuvuka tu upande wa pili wa shamba kunadai uvumilivu: sogeza mzinga chini ya mita moja kwa siku, au wapeleke mbali wiki tatu kisha uwarudishe.

Mkifika, tua mizinga kwenye stendi zilizotayarishwa mchana na uiache itulie nusu saa. Egemeza tawi lenye majani mbele ya kila mlango, toa wavu ukiwa umesimama nyuma ya mzinga, na uondoke kabla ya mapambazuko. Asubuhi nyuki watalikuta lile tawi, waruke wakilizunguka, na kupasoma upya mahali pao.